Jemadari Aliyerudi na Amani

Hii nimetumiwa na mtu ambaye si mwepesi wa kusambaza mambo. Nami naipeleka mbele kama nilivyoipokea. Isome yote kabla hujampa mwingine.

Katika nchi ya Ukambwe alikuwapo jemadari mmoja aitwaye Senzighe. Alikuwa mtu mnyoofu, mzito wa maneno, aliyemtumikia Mfalme Mavoa tangu ujana wake na hakuwahi kumshuku hata siku moja. Mfalme akisema mvua inakuja, Senzighe alianua nafaka hata kama jua lilikuwa linachoma.

Mwaka huo njaa iliingia Ukambwe. Ghala za mfalme zilikuwa zimejaa mahindi, lakini milango yake haikufunguliwa. Watu wa milima ya Mikweni ndio waliotangulia kuchoka. Vijana wao walishuka kwa mamia, wakaketi mbele ya lango la mfalme siku tatu, bila fimbo wala jiwe. Walikuwa na swali moja tu: mahindi yatatoka lini?

Siku ya nne ngoma kuu ililia. Mfalme akatoka, macho mekundu kama mtu aliyekesha matangani.

"Ndugu zetu wa Usiha wanachinjana," alisema. "Watoto wanakufa ng'ambo ya mto, karibu kiasi cha kusikia vilio vyao. Nasi tumeketi hapa tunadai mahindi. Hivi sisi ni watu?"

Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Mtawala wa Usiha alikuwa amefariki, na wanawe wawili wa mama mbalimbali, Ngoda na Mweta, walikuwa wakipigania kiti cha baba yao mwaka wa pili sasa. Watu waliokuwa langoni wakainamisha vichwa kwa haya. Hakuna aliyetaja mahindi tena.

Mfalme akamgeukia Senzighe mbele ya umati. "Jemadari, nenda ukalete amani."

Majina ya askari yalisomwa siku hiyo hiyo. Walikuwa mia sita, na karibu wote walikuwa vijana wa Mikweni, walewale waliokuwa wameketi langoni. Senzighe aliliona hilo. Akajiambia kwamba watu wa milimani wana miguu ya safari, na mfalme anajua anachokifanya.

Walivuka mto. Waliyoyakuta Usiha, Senzighe hakuyasimulia kikamilifu hata kwa mkewe. Vijiji vilikuwa majivu. Wazee waliobaki walikuwa wakichimba makaburi asubuhi kabla ya kujua siku hiyo atakufa nani.

Angeweza kuchagua upande mmoja na kuusaidia kushinda, kama majeshi mengi yafanyavyo. Hakufanya hivyo. Alimwita mateka mmoja ambaye askari wake walimkamata njiani, akamwuliza:

"Kuna mtu yeyote hapa ambaye Ngoda na Mweta wote wawili wanamwogopa?"

Mateka akafikiri. "Shangazi yao," akasema. "Mama Nambike. Ndiye aliyewalea wote wawili."

Senzighe alimwendea mwenyewe, bila silaha. Alimkuta mwanamke mkavu, mikono imejaa udongo wa makaburi. Akamweleza haja yake. Mama Nambike aliosha mikono, akajifunga kanga, akatuma watu kwa wapwa zake na maneno machache: yule ambaye hatafika keshokutwa asije kunizika.

Walifika wote wawili. Aliwaketisha mbele ya chungu kimoja cha uji.

"Nimewazika watoto wa Ngoda kwa mikono hii," alisema. "Nimewazika na watoto wa Mweta. Ardhi haikuniuliza huyu ni wa nani. Kuleni."

Mweta ndiye aliyeanza kulia. Ngoda akamsogezea kata. Hawakuongea mengi siku ile, lakini siku ya saba walikuwa wamekubaliana: Ngoda akae kwenye kiti cha baba yao, Mweta atawale nchi ya bondeni na ng'ombe wake, na watoto wao waliosalia waoane kwa ridhaa. Kila upande ukaleta mikuki yake ukaitupa uwanjani, marundo mawili makubwa kuliko nyumba.

Senzighe alikuwa akipita kati ya marundo hayo, moyo umetulia, alipoona kitu. Aliokota mkuki wa watu wa Ngoda. Chini kidogo ya shingo ya chuma palikuwa na mistari mitatu midogo. Akaenda kwenye rundo la pili, akaokota mkuki wa watu wa Mweta. Mistari mitatu, vilevile.

Aliijua alama hiyo. Ilikuwa ya kiwanda cha wahunzi wa mfalme, kule nyumbani Ukambwe. Mhunzi mwingine akiitumia hukatwa mkono.

Alivichomoa vyuma viwili kwenye mipini yake, akavifunga kwenye kitambaa, akawaacha vijana wake chini ya naibu wake, akarudi haraka. Njia nzima aliwaza jambo moja: kuna msaliti katika nyumba ya mfalme, anauza mikuki kwa pande zote mbili, na maskini mfalme hajui.

Alipitia nyumbani kwanza. Mkewe, Nakijwa, alivigeuza vile vyuma mkononi, akaigusa alama kwa kidole.

"Usiende navyo kwa mfalme," akasema.

"Niende navyo wapi?"

"Kwa wazee wa koo. Waviweke mbele ya watu, kila mtu avione."

"Mke wangu, mwenye nyumba ndiye anayeambiwa kwanza kwamba kuna mwizi."

"Na kama mwizi ndiye mwenye nyumba?"

Senzighe alikasirika, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akatoka bila kula.

Mfalme Mavoa alimpokea katika chumba cha ndani, wawili peke yao. Senzighe alieleza kila kitu: shangazi, chungu cha uji, mapatano. Alitarajia kuona furaha. Mfalme alichezea pete yake tu.

"Imekwisha?" aliuliza hatimaye.

"Imekwisha, Mtukufu. Vijana wanaweza kurudi kabla ya mvua."

"Nani alikutuma uimalize?"

Senzighe alidhani hakusikia vizuri. "Uliniambia nikalete amani."

"Nilikuambia uende."

Jemadari hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa alifungua kile kitambaa, akidhani habari ya msaliti itamrudishia mfalme uso wake wa siku zote. Aliweka vyuma viwili juu ya mkeka, akaonyesha alama.

Mfalme hakuuliza nani aliyeviuza. Aliuliza, kwa sauti ya upole kabisa:

"Umewaonyesha nani hivi?"

Hapo ndipo Senzighe alipoelewa. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Akamfikiria Nakijwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamdanganya mfalme wake.

"Hakuna mtu, Mtukufu. Nilikuja kwako kwanza."

"Ndiyo maana nilikupenda," mfalme alisema, akavivuta vile vyuma upande wake. "Sikiliza, Senzighe. Kabla sijakutuma kwenye vita hii watu walikuwa wananiuliza habari za mahindi. Sasa wananiuliza habari za ushindi. Wewe unanirudishia vijana mia sita wenye njaa, na sasa wanajua kushika mkuki. Unataka niwapeleke wapi?"

Walinzi walikuwa wamekwisha kuingia.

Kesho yake ilitangazwa kwamba jemadari amehongwa ng'ombe na Mweta. Jemadari mpya alipelekwa Usiha. Alipofika aliwaalika ndugu wale wawili kwenye karamu ya kuyatia nguvu mapatano, na Ngoda akachomwa mkuki akiwa anakula. Ikasemwa ni watu wa Mweta. Jua la siku hiyo halikuzama kabla ya vijiji kuanza kuwaka tena. Mama Nambike alikufa akijaribu kusimama katikati.

Vita ile ilidumu miaka tisa. Kati ya vijana mia sita wa kwanza, waliorudi Mikweni hawakufika hamsini.

Nakijwa alizunguka koo baada ya koo akieleza alichokiona. Wazee walimwuliza, "Vyuma viko wapi, mama?" Hakuwa na cha kuwaonyesha. Kina mama waliofiwa walimtemea mate njiani na kumwita mke wa msaliti. Hakuacha kusema. Hakuna aliyemwamini.

Senzighe alifungwa katika nyumba ya mawe nyuma ya ghala za mfalme. Mwaka wa sita wa kifungo chake, mlinzi wake, kijana mpole wa Mikweni aliyemletea maji kila asubuhi, alikuja amevaa mavazi mapya ya kijeshi.

"Nimekuja kukuaga, baba," alisema. "Na mimi nimeitwa. Tunakwenda kuwaokoa wale watu wa Usiha."

Senzighe alishika nondo za mlango akamwambia yote, mwanzo hadi mwisho, polepole, akirudia pale alipoona kijana hakufuata. Kijana alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaweka kata ya maji mahali ambapo mzee angeifikia.

"Pole, baba," alisema. "Kifungo ni kibaya; huvuruga hata akili."

Akaondoka kuelekea uwanjani, ambako vigelegele vilikuwa vimekwisha kuanza.

Funzo: Kabla hujamshangilia mtu anayekwenda kuzima moto wa jirani, chunguza kwanza kuni zilitoka kwa nani; na ukishajua, usimpelekee mwenye kuni siri hiyo peke yake, waambie watu wote ushahidi ungali mkononi mwako.