Mwenye Mchezo Hutoa Padi

Jumapili, tarehe 24 Agosti, mwaka 2025, vijana wawili wa mtaa wetu hapa Morogoro walikuwa wakibishana barazani kwangu. Mmoja, Rajuu, alieleza kwa mapana na marefu jinsi atakavyokuwa mwanamuziki asiye na mfano. Mwenzake, Mkude, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa utulivu, "Mwenye mchezo hutoa padi."

Rajuu akanigeukia. "Mama Sikudhani, kila ninapofungua mdomo wananipiga na methali hii. Imetoka wapi?"

Niliweka chini ungo wa mchele, kwa kuwa swali hilo lilikuwa limefika mlangoni pake. Nikawaambia kwamba chanzo cha methali hiyo nilikiona kwa macho yangu, na kilikuwa hivi.

Mwanangu Sikudhani na mwenzake Elinami walitengeneza mchezo wa kompyuta kwa miaka mitatu, katika chumba cha uani cha nyumba hii. Ndani ya mchezo huo kuna mwanamke anayepanda mlima akiwa na ndoo ya maji kichwani. Mchezaji humwongoza kwa padi, yaani kile kishikio chenye vitufe. Akienda kwa pupa, maji humwagika; akizubaa, giza humkuta njiani. Mwendo wa mwanamke huyo ni wangu. Sikudhani alinirekodi nikipandisha ndoo njia ya mlimani, akautia mchezoni jinsi ulivyo, hata namna ninavyoinua mkono ndoo inapoyumba.

Mchezo ulipokamilika, walikubaliwa kuuonyesha katika maonyesho makubwa ya michezo ya kompyuta jijini Dar es Salaam. Wakati huo Elinami alikwisha kupata kazi ya ofisini Dodoma, naye alitakiwa kuianza Jumatatu. Wakapatana hivi: wasambazaji wa michezo wakiupenda, kazi itaendelea, wasipoupenda, chumba kifungwe na kila mtu ashike njia yake. Nilikwenda nao. Nilivaa kitenge changu cha sikukuu, nikakaa katikati ya vijana.

Wasambazaji walikaa pembeni mwa jukwaa, wakiwa wametuelekea sisi. Hawakutazama michezo. Walitazama nyuso za watu, kwa kuwa penye shangwe ndipo walipopeleka mikataba.

Iliitwa kwanza kampuni kubwa kutoka ng'ambo. Taa zikazimwa, na picha zikajaa ukuta mzima: miji inayoungua, farasi wenye mabawa, mvua inayong'aa kama shaba. Vijana walipanda juu ya viti. Mmoja alivua shati akalipunga. Mwingine alimkumbatia jirani yake huku akilia, nao hawakujuana. Mwishoni likatokea neno moja, nami nililisoma mwenyewe bila kusomewa: INAKUJA. Msichana mmoja aliuliza kama wangeweza kuujaribu. Mjumbe wa kampuni akajibu kwa upole kwamba kwa siku ile walileta picha tu. Hata jibu hilo lilishangiliwa.

Kisha wakaitwa wetu. Sikudhani alipanda jukwaani na kompyuta moja na padi moja.

"Picha zenu ziko wapi?" sauti ikauliza.

"Hatukutengeneza picha," akasema. "Tumetengeneza mchezo."

"Basi tusimulie, dada, tupate usingizi."

Ukumbi ukacheka. Kijana mmoja wa safu ya mbele, Hamduni, ambaye wenzake humwita Chuma kwa sababu hafungwi kirahisi, akaongeza, "Mchezo wa kubeba ndoo? Mimi nyumbani nabebeshwa kila siku, na sijawahi kupigiwa makofi."

Niliwaona wasambazaji wakianza kutazama simu zao. Elinami aliinamisha kichwa. Hapo Sikudhani akaichukua padi, akashuka jukwaani, akamnyooshea Chuma.

Lazima mjue desturi yao. Katika vibanda vya michezo, aliyefungwa ndiye hutoa padi ampishe mwingine, mshindi haiachii. Kwa hiyo kitendo cha mwanangu kilionekana kwao kuwa ni kusalimu amri.

"Amefungwa kabla ya kucheza," mmoja akasema.

"Pokea, Chuma. Bibie amejifunga mwenyewe."

Sikudhani hakuurudisha mkono. "Shika, kaka. Ukifika juu, ndipo unikebehi."

Chuma akaipokea akitabasamu. Akabonyeza kwa kasi aliyoizoea, na pale ukutani, kwenye kona ya kwanza, ndoo ikaanguka.

"Chuma umelowa, ukajianike," wakamtania.

Akarudia. Safari hii tabasamu lilikwisha. Alipofika penye mawe ukumbi mzima ulinyamaza, nami nikajikuta nimesimama. "Punguza mwendo hapo, mwanangu," nikamwambia. "Shingo kwanza, miguu baadaye."

"Sawa, mama," akajibu, bila kuondoa macho ukutani.

Alipofika juu, mwanamke alitua ndoo, na maji yalikuwa bado yamejaa. Kelele zilizotoka humo ndani sikuwahi kuzisikia hata kwenye harusi. Jirani wa Chuma akamnyooshea mkono. "Umemaliza, toa padi."

"Sijafungwa," Chuma akasema. "Sitoi."

Hata hivyo mama mmoja alikwisha kutoka miongoni mwa wasambazaji na kusimama mbele yake. "Kijana, niazime nami nijaribu." Chuma akampa, kisha akageukia meza ya kampuni kubwa. "Na ninyi jamani, leteni padi yenu." Mjumbe wao akatabasamu tu.

Ndipo Chuma akatutazama sote. "Kumbe tulimcheka mtu kwa kutoa padi. Mwenye mchezo hutoa padi. Asiye nao huonyesha picha."

Vijana waliyabeba maneno hayo hadi vibandani, yakatoka huko yakaingia sokoni na majumbani. Elinami alipiga simu Dodoma siku ileile, akawashukuru na kuwaaga. Leo mwendo wangu unachezwa na watu nisiowajua, katika nchi nisizozifikia. Ule mchezo wa ng'ambo, nasikia, bado unakuja.

Nilipomaliza, Rajuu alisogea karibu nami. Kisha akatoa simu mfukoni, akanipa mkononi. "Mama, nina wimbo mmoja humu. Haujakaa sawa sana, lakini usikilize."

Mkude hakucheka. Nikabonyeza.

Mwenye mchezo hutoa padi. Hadithi hii nimeishika vya kutosha. Sasa naiweka mikononi mwako wewe uliyeisoma. Ukiisha kuishika, usikae nayo. Mpe na mwenzako.