Mikono Minne Katika Ndege Moja

Hapo zamani, wala si zamani sana, ndege ya mafunzo yenye viti viwili iliruka kutoka kiwanja cha Ikungulo. Kushoto aliketi Nasieku, mwanafunzi. Kulia aliketi mwalimu wake, Kapteni Mbwilo. Kila mmoja alikuwa na usukani wake. Ndege ilikuwa moja.

Saa tisa alasiri wakarudi kutua. Nasieku akauliza hali ya upepo kwa redio. Mwongoza ndege, Krizostomu, akajibu kutoka mnarani, "Upepo wa kawaida. Karibuni."

Upepo huo alikuwa ameutazama kabla ya chai. Sasa chai ilikuwa imekwisha.

Ndege iliposhuka usawa wa mikaratusi, upepo ukaipiga kofi. Ukaacha. Ukapiga tena.

"Mwalimu, tupande, tuzunguke upya."

"Tua."

"Mwalimu, inanishinda."

"Tua, binti. Upepo hauogopwi, unazoewa."

Akatua. Tairi moja likagusa lami, bawa likanyanyuka, ndege ikadunda ikarudi hewani.

"Niachie!" Kapteni akapiga kelele. Akakamata usukani wake, akapunguza moto wa injini ili atue.

Nasieku hakuachia. Akauongeza moto ili wapande. Injini ikapokea amri mbili, ikatii kila moja kidogo.

Ndege ikaanguka kwa pua. Tairi la mbele likakatika, ndege ikaserereka mpaka ndani ya shamba la alizeti. Kapteni alivunjika mtulinga. Nasieku hakuumia, ila waokoaji walilazimika kumbandua vidole kwenye usukani, kimoja baada ya kingine.

Bi Apolonia, mkuu wa chuo cha urubani, akawaita wote watatu. Fomu ya ajali ilikuwa na nafasi ya jina moja tu la mwenye kosa, na mwenye jina hilo asingekanyaga tena kiwanjani.

Krizostomu akasema, "Nilitaja upepo niliouona. Walipofika chini waliuhisi wenyewe. Nani aliwashika mkono watue?"

Kapteni akasema, "Ndani ya ndege kauli ya mwisho ni ya mwalimu. Nilisema niachie. Angeachia, tungetua salama tukaenda zetu."

Nasieku akasimama. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi, maana kwao mkubwa hajibiwi. Kinywa kikatoa mengine.

"Kapteni, nilikuomba mara mbili tukiwa bado juu. Ungenisikia, usingekuwa na haja ya kuniambia niachie. Lakini ni kweli, sikuachia. Wakati ule nilikuwa nimeacha kukuamini."

Kapteni akatazama bandeji yake. Bi Apolonia akafungua kalamu.

Haya, wenzangu. Mmoja hakutazama, mmoja hakusikia, mmoja hakuachia. Nafasi ni ya jina moja, na Bi Apolonia anangoja. Je, mngemwandikia nani?