Kura ya Mama Pimbi, Kula ya Kiboko

Paukwa!

— Pakawa.

Mnaitikia kama mmekunywa uji wa juzi! Paukwa!

— PAKAWA!

Hapo sawa. Mwenye masikio ayalete, asiye nayo aazime kwa jirani.

Palikuwa na bwawa moja na vilima vitano. Kila mwaka kila kilima kilitoa sauti moja kumchagua mwenye bwawa. Kilima cha kwanza alikaa Kiboko, peke yake. Cha pili shemeji yake, peke yake. Cha tatu mjomba wake, peke yake. Cha nne na cha tano walibanana wengine wote: pimbi, kanga, kobe, panya, na mchwa wasiohesabika. Mwaka wa kwanza, tatu kwa mbili, Kiboko! Mwaka wa pili, tatu kwa mbili, Kiboko! Yeye anaoga, wenzake wanalamba tope.

Mama Pimbi, kafupi hivi, hata mkia hana, akawatazama wanawe wawili. Ndimi zimekauka kama majani ya mgomba.

"Mwaka huu tope hamlambi," akasema. Huyo, bwawani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Malahaba, kafupi. Unataka nini?" Kiboko R ilimshinda tangu utotoni.

"Tuache habari ya vilima, Mzee. Kila mnyama kura yake. Zote kapu moja. Mwenye nyingi, bwawa lake."

Tumbo la Kiboko, ambalo R liliijua vizuri, likasema: gurrr!

"Kila mnyama kula yake? Zote kapu moja?"

"Kura, Mzee."

"Si ndo nasema, kula!"

"Kura."

"Kula! Unanifundisha kusema, wewe usiye na mkia? Nimekubali!"

Akakanyaga tope mbele ya wote, chwap! Na mguu ukishakanyaga tope, neno halirudi.

Siku tatu Kiboko hakutia kitu mdomoni, anatayarisha nafasi. Siku ya siku ikafika. Kokoto jeupe la Mama Pimbi, jeusi la Kiboko. Kobe, jeupe, to! Kanga, jeupe, to! Mchwa, to-to-to-to mpaka jua likachoka. Kiboko akatupia lake jeusi kama anayetia chumvi. Shemeji naye, mjomba naye.

Kasuku akahesabu mpaka sauti ikamkauka. "Kiboko, tatu! Mama Pimbi, elfu tatu na moja!"

"Vizuli! Tule!" Kiboko akazamisha mdomo kapuni. Kacha! Kacha! Jino likaruka.

"Mzee, hizo ni kura!"

"Najua! Ndo maana nakula!"

Akameza zote, akaenda kuteremshia kwa maji. Chubwi! Akazama mpaka chini, ikabaki pua. Wana wa Mama Pimbi wakapanda juu ya kichwa chake, wakanywa, fyo, fyo, fyo.

"Bwawa ni la kila mwenye kiu," mama yao akatangaza. "Na wewe Mzee unaruhusiwa, usisukume tu."

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko haogelei, anatembea chini ya maji. Tumbo zito.

Ngano yangu nimeifunga kamba, mwenye kisu asiiguse. Na funzo lake? Wadogo, msishindane na wakubwa, na hesabu msijisumbue nayo. Mimi shule niliikimbia darasa la nne, na sijawahi kumeza kura hata moja.