Kibao cha Bi Somoe

Sogeeni karibu. Mwenye kikombe cha chai aendelee kunywa, maana hadithi hii haina haraka ila mwishoni, na mwishoni kazi ni yenu.

Palikuwa na watu watatu ambao walikuwa hawajaonana, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Dokta Zuhura Mtopa wa chuo kikuu alikuwa na jicho: barua iliyoliwa na mchwa mpaka ikabaki kama chujio, yeye aliisoma. Fundi Zaituni, mshona nguo wa Lindi, alikuwa na sikio: wimbo akiusikia mara moja haumtoki. Katikati yao alikuwa Shomari Kilindo, mwandishi wa insha za fasihi kwenye gazeti la Jumapili, ambaye kipaji chake hata mwenyewe alipata shida kukieleza. Alijua kusema jambo zito kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Shomari alikuwa na miaka hamsini na ushee na kitambi kilichomtangulia kila mahali. Alikuwa amezunguka, Muscat, Hamburg, Bujumbura, na kote alikopita alisahau mwavuli, akauandikia insha. Kwenye makongamano ya wasomi walimkaribisha kwa heshima, kisha wakamweka safu ya nyuma karibu na madereva, kwa kuwa maandishi yake hayakuwa na tanbihi. Akirudi mtaani kwake, wa kijiweni walimwita Profesa na kumwomba asianze. Kule aliambiwa anapiga porojo, huku aliambiwa anatoa mhadhara. Basi alizoea kusimama katikati. Lakini miaka ishirini na tano ya kusimama, magoti hayakosi la kusema.

Sasa, pale Lindi palikuwa na nyumba ya marehemu Bi Somoe, mama aliyekuwa akitunga mashairi huku anakuna nazi, amekaa kwenye kibao chake cha mbuzi. Alitunga wimbo wa kumtoa bibi harusi nyumbani, beti tano. Alipofariki, ubeti wa tatu ukapotea. Kila mtu aliamini mwenzake anaukumbuka. Wanawake wa nyumba ile hawakukubali kuuruka. Wakifika hapo hunyamaza, wakapiga makofi mpaka nafasi yake iishe, ndipo wakaendelea na wa nne. Kwa miaka hamsini na minne kila bibi harusi alitolewa hivyo.

Binti wa marehemu, Bi Mwanahawa, aliweka nadhiri. Atakayeurudisha ubeti ule atakalia kibao cha mama siku ya harusi na kuuanzisha yeye, siku hiyo na harusi zote zitakazofuata. Asiyekikalia hauanzishi, na usipoanzishwa, ni makofi tu. Tangu mama afariki kibao hakikukaliwa na mtu. Hata vumbi lilifutwa kwa kuombwa radhi.

Dokta Zuhura ndiye aliyeikuta barua. Bi Somoe alikuwa amemwandikia kaka yake kwa hati za Kiarabu, na barua ikaishia kwenye boksi la nyaraka lisilofunguliwa na mtu. Dokta aliisoma kwa lenzi miaka minne, herufi kwa herufi. Penye tundu alifuata kovu la kalamu upande wa pili wa karatasi. Akathibitisha kwamba huyu ni Somoe wa Lindi, si Somoe mwingine wa Kilwa. Akatoa makala ya kurasa arobaini katika jarida la chuo, na ubeti akauweka kwenye tanbihi ya sitini na moja. Makala ilisomwa na watu watatu, mmoja wao mhariri, mwingine dokta mwenyewe.

Shomari ndiye aliyekuwa wa tatu. Aliisoma mara saba, na nne za mwanzo alisinzia. Mara ya tano alifika tanbihi ya sitini na moja, akakaa kitako. Alihangaika miezi mitatu kupata ukurasa mmoja. Alianza na mama yake mwenyewe, aliyekuwa akiuacha ufunguo chini ya chungu kila mwanawe aliposafiri. Akaeleza mama anayemtoa binti yake nyumbani anaogopa nini. Ubeti akauweka katikati, peupe, usibanwe na maneno yake, na mwishoni akamshukuru dokta kwa jina.

Fundi Zaituni naye gazeti lilimfikia kama magazeti yote yanavyomfikia, la wiki iliyopita, kwa ajili ya kukatia karatasi za vipimo. Alikuwa anashona gauni la harusi la Mwasiti, mjukuu wa Bi Mwanahawa. Mkasi ulishamega kona ya ukurasa, tayari imekuwa mkono wa gauni, alipoona jina la Bi Somoe. Akasoma amesimama. Akawasomea kwa sauti wanawake waliosubiri kupimwa. Halafu akaanza kugonga meza kwa mkasi, maana, kama kila mwanamke wa mtaa ule, alijua makofi ya ubeti wa tatu ni thelathini na mawili, manane mara nne. Maneno yakaingia kwenye makofi, silabi kwa kofi, hakuna iliyozidi:

Mwanangu nenda salama,
mlangoni nasimama,
ukigeuka tazama:
kufuli sijalitia.

Alikwenda kwa Bi Mwanahawa mbiombio, utepe wa kupimia ungali shingoni, akamwimbia. Bi Mwanahawa alifiwa na mama akiwa na miaka tisa. Alisikiliza, akaomba arudiwe, akacheka huku anajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mimi nilitolewa kwa makofi, mwanangu," alisema. "Nikakaa miaka kumi na moja kwa mume asiyesema nami, nikidhani nyuma yangu pamefungwa."

Akaagiza kibao kifutwe, Zaituni akikalie. Fundi angeweza kunyamaza. Majina ya wenziwe yalikuwa kwenye ile kona aliyoimega, yamebanwa kwa pini begani pa gauni. Lakini alirudi dukani, akachomoa pini, akayasoma, akapiga simu gazetini. Ndivyo wote watatu walivyoalikwa.

Siku ya harusi wakawekwa pamoja ukumbini mwa nyumba ile, na dakika kumi hazikuisha kabla mambo hayajaanza.

"Bwana Shomari," dokta alisema kwa upole, "bila barua yangu ungeandika habari za miavuli."

"Shikamoo Dokta," Zaituni akadakia, "ila ubeti wako ulilala kabatini miaka miwili. Mimi ndiye niliyeutia midomoni mwa watu."

Shomari akamgeukia. "Na wewe dada, ungeletewa makala ya dokta usingesoma hata mstari. Kurasa arobaini! Ungepata gauni zima na mkia wake."

Wakacheka wote, hata dokta. Kisha kila mmoja akakitazama kibao pale uani, naye Shomari akakitazama kuliko wote. Alijua adabu inamtaka aseme wapeni wenzangu. Badala yake akavuta kitambi ndani. Katika maisha yake yote hiki kilikuwa kiti cha kwanza kilichowekwa mahali pale pale alipokuwa amesimama. Aliwaza pia kama kitamhimili.

Gari lilikuwa nje. Ubeti wa kwanza ukaimbwa, ukaimbwa wa pili. Mwasiti alikuwa ameshafika kizingitini. Wanawake wakanyamaza, viganja vikainuliwa kwa mazoea, na Bi Mwanahawa akavizuia kwa mkono mmoja. Kibao kilikuwa kitupu. Asipokaa mtu sasa hivi, huyu binti naye anaondoka na makofi thelathini na mawili, kama bibi yake.

Aliyeuona, aliyeueleza, au aliyeuimba? Kibao ni cha mtu mmoja. Haya, bibi harusi anasubiri: je, wewe ungemkalisha nani?