Mchumba Aliyepeleka Kinanda Bubu Ukweni

Niwieni radhi kabla sijaanza. Hadithi hii niliipokea ikiwa nzima, na kwa ninavyojijua itatoka kwangu ikiwa na chongo. Aliyenisimulia aliiga sauti za watu wote mpaka za mashangazi. Mimi nina kidole gumba kimoja na simu yenye ufa. Ukifika mahali pakakuchekesha, hapo ni pake. Pakikuboa, ni pangu. Ukimtumia mwenzako, ifanyie ukarabati njiani.

Alikuwepo prodyuza mmoja pale Mbeya, jina lake Kastori Mgaya. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani, kompyuta moja, na kinanda kidogo cha vibonyezo ishirini na vitano. Kwa kinanda hicho alikuwa ametengeneza nyimbo za harusi, za kampeni, na za kwaya tatu ambazo hazisalimiani.

Kwa wasiojua: kinanda cha namna hiyo, wanachokiita midi, hakina sauti. Ukikibonyeza, kinapeleka habari kwenye kompyuta kwa waya, kwamba noti fulani imeguswa, kwa nguvu kiasi fulani. Inayolia ni kompyuta. Bila kompyuta, ni ubao wenye meno.

Kastori akampenda Tumpe, binti wa Mwalimu Asajile Mwakalinga wa Tukuyu. Mwalimu alikuwa amefundisha kwaya miaka thelathini. Alipopokea barua ya posa hakukubali wala hakukataa. Alijibu kwa mistari miwili:

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi njoo na kinanda chako, unipigie wimbo nilioutunga, sauti zote nne. Ukishindwa, utaondoka na barua yako."

Tumpe alimrekodia wimbo wenyewe kwa simu. Kastori akaufanyia mazoezi wiki mbili kwenye kile kinanda kidogo, sauti moja moja: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka besi. Kisha akaziunganisha. Wimbo ukamkaa vidoleni.

Siku mbili kabla ya safari akakitazama kinanda chake, akaona aibu. Akaenda dukani.

"Unataka cha kufanyia nini, kaka?" muuzaji aliuliza.

"Cha kuposea."

Muuzaji alikuwa ameuza vinanda miaka mingi na hakuwahi kusikia matumizi hayo. Akamwonyesha cha vibonyezo arobaini na tisa. "Hiki kinakutosha. Kwani una mikono mingapi?"

"Kikubwa zaidi hakuna?"

"Kipo cha themanini na nane. Lakini kile ni cha mpiga piano hasa, halafu ni kizito."

"Kina taa?"

"Kina taa."

"Funga."

Jumamosi asubuhi Kastori aliondoka na mshenga wake, Mzee Danford. Kinanda kilikuwa kirefu kuliko mshenga. Mkono wa kulia wa Kastori ulishika kinanda. Mkono wa kushoto ulishika kinanda. Mkoba wa kompyuta ulihitaji mkono wa tatu, na huo Mungu hakuwa amempa.

Sebuleni kwa Mwalimu walikaribishwa vizuri. Walikuwepo Mwalimu mwenyewe, dada yake Shangazi Subilaga, na mdogo wake Baba Mdogo Ipyana, wote watu wa kwaya. Tumpe alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, kwa sababu mwenye kuposwa hakai sebuleni.

Kastori alifungua boksi. Ukoo ukaguna kwa heshima. Akakilaza kinanda mezani, akachomoa waya, akabaki ameushika kama mtu aliyekuja na kamba lakini hamwoni ng'ombe.

"Umeme upo," alisema Mwalimu.

"Si umeme, Mwalimu. Hiki kinataka kompyuta. Sauti iko kule."

"Kule wapi?"

"Mbeya."

Shangazi Subilaga akaweka kikombe chini. "Yaani wewe umefika, sauti imebaki Mbeya?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi baba, umetuletea meza ya kupigia pasi."

"Tena ndefu," alisema Baba Mdogo Ipyana. "Hata shuka inaenea."

Mzee Danford alimnong'oneza Kastori: "Anguka. Mimi nitasema ni malaria." Kastori hakuanguka. Pazia la jikoni lilikuwa limeacha kutikisika.

Mwalimu akatoa barua ya posa mfukoni, akainyoosha mbele. "Nilisema sauti nne. Sijasikia hata moja. Chukua, mwanangu, na safari njema."

Kastori aliitazama barua asiiguse. "Mwalimu, naomba nipige hivi hivi."

"Upige nini?"

"Wimbo wako. Nimeufanyia mazoezi wiki mbili. Nisipoupiga leo, utanikera maisha yangu yote."

Kastori hakungoja jibu. Akaanza. Taa hazikuwaka. Kilichosikika ni vibonyezo tu: tok, tok, tok, kama kuku anadonoa bati. Shangazi akaziba mdomo kwa upande wa kitenge. Mwalimu, barua bado mkononi, alikuwa anaangalia vidole.

Ghafla akasema, "Simama hapo! Sauti ya pili inashuka. Wewe umepandisha."

Kastori akaduwaa. "Mwalimu, umesikiaje?"

"Nimeona. Mimi si kipofu."

"Inapanda," alisema Shangazi Subilaga.

"Subilaga, wimbo huu niliutunga mimi."

"Uliutunga, kaka. Lakini sauti ya pili naimba mimi, na miaka thelathini napandisha. Wewe umefumba macho unapunga mikono, utajua saa ngapi?"

"Haiwezekani."

"Ipyana, nipe besi nimwonyeshe."

Baba Mdogo Ipyana akakohoa, akashusha besi iliyotikisa vijiko. Kastori akarudisha vidole kwenye kinanda, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Alipogusa vibonyezo vya chini, akamtazama Baba Mdogo. Alipofika vya sauti ya pili, akamtikisia kichwa Shangazi, na Shangazi akaingia. Palipokuwa na sauti ya kwanza hapakuwa na mtu. Kastori akabonyeza, akaangalia pazia. Pazia likaimba.

Ikabaki ya tatu. Kastori akamgeukia mshenga wake. Mzee Danford hakuyajua maneno, lakini zamani aliwahi kuimba kwaya Makambako, akaimba "aaa" kwa uaminifu mkubwa.

Waliuimba wote. Kastori alipobonyeza polepole, waliimba polepole. Alipobonyeza kwa nguvu, Ipyana alitoka jasho. Pale pa ugomvi, sauti ya pili ilipanda, na ilikuwa nzuri kuliko kama ingeshuka. Mwalimu alilisikia hilo, maana alikaa.

Ulipokwisha, Mwalimu aliuliza, "Kwa hiyo hiki kidude chenyewe hakiimbi?"

"Hakiimbi, Mwalimu. Kinasema tu nani aingie, lini, na kwa nguvu gani."

"Kaka," alisema Shangazi, "kumbe ni pacha wako!"

Sebule nzima ikacheka isipokuwa Mwalimu. Ndipo Kastori alipopata habari ambayo Tukuyu yote wanaijua na hawaisemi: katika miaka ile thelathini, hakuna aliyewahi kumsikia Mwalimu Asajile akiimba. Ujanani aliomba kujiunga na kwaya, wakamsikiliza mara moja, wakamwomba akae. Sauti yake ilikuwa ya bawaba isiyotiwa mafuta. Akarudi baada ya mwaka akiwa anajua sauti zote nne za kila wimbo, wakakosa pa kumweka, wakamfanya mwalimu.

Mwalimu aliikunja barua taratibu, akairudisha mfukoni mwake.

"Sauti nne nimezisikia," alisema. "Barua inabaki."

Jikoni sufuria ilianguka.

Mwalimu akanyoosha kidole, akagusa vibonyezo vya pembeni kabisa, upande huu na upande ule. "Hivi hukuvigusa hata kimoja. Uliviletea nini?"

"Heshima, Mwalimu."

"Heshima yako ina uzito wa gunia. Kirudishe dukani. Hapa tuko watu wazima, kila mmoja na noti zake nane tu, na tumegombana miaka thelathini. Ungetupa themanini na nane tungeuana."

Funzo: Chombo hakina sauti yake, kinabeba ujuzi wa aliyekishika. Kabla hujanunua kikubwa, jua kwanza unataka kiseme nini, na usikionee aibu kidogo kilichokufundisha kazi. Haya nayasema kwa uzoefu: mimi ninavyo vinanda vitatu na wimbo sijatoa hata mmoja. Nimempelekea fundi vyote, amevikagua, anasema ni vizima. Kilichobaki kukaguliwa ni mimi.