Mng'oa Jino Huambiwa ya Koo

Mng'oa jino huambiwa ya koo. Mmemsikia shangazi yenu Nanzia akimwambia jirani maneno hayo, mkacheka, mkaniuliza koo na jino vina undugu gani. Sogezeni hizo tangawizi huku, tuendelee kuosha. Methali hii ilizaliwa humu humu nyumbani, nami nilikuwepo.

Nilikuwa nimeolewa na kaka yake miaka miwili tu, Nanzia alipopata saratani ya koo. Alipelekwa mjini, akachomwa mionzi wiki saba. Alirudi na sauti ya kukwaruza na ngozi ya shingo imekuwa nyeusi, lakini amepona. Mama mkwe, Bibi Namsifu, alimpokea mlangoni. Akachukua daftari la hospitali, akalifungia sandukuni, akatutazama mmoja mmoja.

"Ugonjwa ulioondoka hauitwi jina," alisema. "Ukiuita, unageuka njiani ukarudi. Mtu akiuliza, Nanzia alikuwa safarini."

Ndivyo walivyolelewa kwao. Basi sote tukasema safari. Hata Nanzia mwenyewe alikuwa akisema, "Kabla sijasafiri nilikuwa napenda pilipili."

Lakini safari ile ilimkausha mate. Mkate ulimganda kinywani kama pamba. Ili alainishe mdomo, akawa anatafuna muwa tangu asubuhi, na akilala ana pipi shavuni. Mama mkwe alifurahi. Alimmenyea miwa kwa mkono wake na kumpangia kwenye sahani. "Kula, mwanangu. Anayekula amepona." Hatukujua kwamba mdomo usio na mate hauna cha kuoshea sukari.

Mwaka wa pili meno yakaanza kukatika kwenye fizi, kama chaki. Kisha gego moja la chini likamuuma hata uji ukamshinda. Tukashuka watatu mpaka zahanati, kwa tabibu wa meno, kijana mcheshi aitwaye Mbonea.

"Dada, meno haya ulikuwa unafungulia soda?" akauliza, na Nanzia akacheka kwa maumivu. Kisha Mbonea akashika kalamu. "Umewahi kuugua ugonjwa mkubwa? Tiba yoyote ya kichwani au shingoni?"

Nanzia alivuta kitenge kikamfunika shingo, akamtazama mama yake.

"Malaria tu," mama mkwe akajibu. "Kama watu wote."

Nilijua. Maneno yalinifika ulimini. Lakini mkamwana hamkatizi mkwewe mbele za watu, nikatazama sakafu. Jino likang'olewa.

Kidonda hakikufunga. Wiki ya pili, ya nne, ya nane, kinatoa usaha tu. Taya likavimba, na harufu ikawa kali hata binti yake mdogo, ambaye hakuwa akilala bila kushika shavu la mama, akawa anageuza uso akibebwa. Siku aliyokataa kabisa kubebwa, tulirudi kwa Mbonea.

Alimulika kinywani, na utani wote ukamtoka.

"Huu ninaouona ni mfupa," alisema polepole. "Taya linakufa. Dada, naomba utoe kitenge."

Nanzia hakusogea. Mbonea akamgeukia mama mkwe. "Bibi, mwanao aliwahi kuchomwa mionzi?"

Mama mkwe alikuwa ameushika mkono wa Nanzia.

"Saratani," alisema. "Alikuwa na saratani ya koo. Walimchoma hapa, na hapa. Aliyesema malaria ni mimi."

"Mionzi huua ugonjwa, Bibi, lakini mfupa uliopitiwa nayo hukosa nguvu ya kupona. Ningejua, nisingeling'oa. Ningelitibu likiwa palepale, au ningemtuma kwanza kwa waliomtibu."

"Basi nimemuua mwanangu."

"Hapana. Sasa umesema, tuna pa kuanzia."

Nanzia alikatwa kipande cha taya. Ndiyo maana uso wake umebonyea upande mmoja. Ninyi mmezaliwa mkaukuta hivyo. Miwa ilikoma, chupa ya maji haimtoki mkononi, na meno machache yaliyobaki anayapaka dawa kila anapokwenda kulala. Saratani tumeitaja humu ndani mara zisizo na idadi, wala haijarudi.

Bibi Namsifu aliishi miaka tisa baada ya hapo. Kila aliyepita akienda zahanati, hata kwa kidonda cha mguu, alimsimamisha: "Umejiandaa kusema yote? Mng'oa jino huambiwa ya koo." Watu walimcheka. Baadaye fundi aliyejenga juu ya chemchemi bila kuambiwa akaukumbuka msemo, na mshenga aliyefichwa ugomvi wa zamani akaukumbuka, ukawa wa kijiji kizima.

Mimi kila nikiusikia naiona sakafu ile. Kwa hiyo mkiolewa au mkioa, wanangu, muwaheshimu wakwe zenu, lakini msiniige mimi. Mng'oa jino huambiwa ya koo.