Mguu Hukimbia, Mdomo Hufika Kwanza

"Mguu hukimbia, mdomo hufika kwanza." Mmemsikia mke wangu Mwanakheri akisema hivyo alipokuwa akimwekea mwenzenu huyu chapati ya tatu, nanyi mkacheka mpaka mmoja wenu akapaliwa na supu. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe mwenye chapati, usiiguse. Iache hapo kwenye sahani mpaka nimalize.

Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko. Ilianza kwa hasira, hapa hapa kwenye uwanja huu wa shule, na aliyekasirikiwa nilikuwa mimi.

Wakati ule nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, tumbo limeingia ndani, filimbi shingoni, na maneno mengi kuliko akili. Nilikuwa mwenyekiti wa klabu yetu ya mchakamchaka. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi tulikusanyika hapa, tukakimbia mpaka daraja la reli na kurudi. Hiyo ndiyo raundi moja, kama kilomita moja hivi. Tukimaliza tunakaa kwenye mabenchi haya ya Mwanakheri tunakunywa supu ya makongoro na chapati. Klabu bila supu ni klabu gani? Hata nyinyi leo mmekuja mbio zaidi mlipoisikia harufu.

Mimi ndiye niliyeweka sheria: kila raundi, chapati moja. Aliyekimbia moja anakula moja, aliyekimbia tano anakula tano, na kuanzia raundi ya nne anaongezwa bakuli la pili la supu. Niliona nimetunga jambo la haki kabisa. Mvivu ale sawa na mchapakazi, kwa nini? Na aliyekataa chapati zake tulimzomea, tukasema anaringa, anaona kinyaa chakula cha wenzake. "Kilichotoka kwa jasho lazima kirudi!" ndivyo nilivyokuwa nikipayuka. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Ndipo akaja Mwalimu Stumai. Alikuwa anafundisha darasa la tatu katika shule hii hii, mama mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Alikuwa na ngiri ya kitovu. Uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa chungwa, na ukimbana katikati ya somo alishika meza akasubiri upoe, watoto wakimtazama. Daktari alimwambia kwamba kwa uzito ule hawezi kumpasua, mshono usingeshika. Apunguze kilo kumi kwanza, arudi baada ya miezi mitatu. Atembee, hata mbio za polepole zinaruhusiwa, ila asinyanyue mizigo. Na asifanye mzaha, kwa sababu utumbo ukinasa ndani ya ngiri ile mtu hufa.

Yote hayo alinieleza mwenyewe, amesimama pale karibu na goli. Nikamwambia, "Mwalimu, kilo kumi ni kitu gani? Wewe kimbia tu."

"Na kula je, Mwenyekiti?"

Aliniuliza! Swali lenyewe hasa, alilileta mkononi mwangu. Nami nikamjibu kwa kifua mbele, "Kula si neno. Mbio zinayeyusha kila kitu."

Akaanza. Wiki ya kwanza raundi moja, anahema, amejishika ubavu. Mwezi wa pili raundi nne. Mwezi wa tatu raundi sita, taratibu, bila kusimama, na hapakuwa na mwanamume wa klabu hii aliyemfikia. Tulimpigia makofi. Tukampa na haki yake: chapati sita na mabakuli mawili. Mwanzoni alijaribu kurudisha mbili, tukamzomea, na kwa kuwa ni mtu wa adabu akala zote.

Miezi mitatu ikatimia. Ijumaa alikwenda hospitali, Jumamosi akaja hapa na nguo zake za kazini, hakuvaa raba. Akaniambia, na watu wote wapo, "Mwenyekiti, nimeongezeka kilo mbili. Daktari ameahirisha upasuaji."

Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Pole, labda. Mimi niliona anaiaibisha klabu yangu. Nikamjibu kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Basi unakula kwa kujificha huko nyumbani. Mbio hazisemi uongo, Mwalimu. Mwongo ni wewe."

Watu wakacheka, kama nyinyi mlivyocheka sasa hivi.

Hakulia. Yule mama mpole alikuja mpaka nikaiona mishipa ya shingo yake imesimama, na ile sauti ya chini sijui aliiacha wapi.

"Nyumbani nakula mlo mmoja! Nalala na njaa ili nikija hapa niweze kumaliza mnavyonipimia. Alhamisi nilikimbia raundi ngapi?"

"Sita," nikasema.

"Nikala chapati ngapi?"

"Sita."

"Nani aliyesema niwekewe sita?"

Nikaishika filimbi yangu.

"Haya, Mwenyekiti, wewe si bingwa? Nenda darajani urudi. Raundi moja tu, moja. Dada Mwanakheri, tafadhali, chukua chapati moja, kaa hapa ule. Tuone nani atafika kwanza."

Nilicheka, nikapuliza filimbi, nikatimua mbio kama mwizi wa kuku. Nikajua mke wangu hatakubali upuuzi ule. Lo! Mke wangu mwenyewe, niliyemuoa kwa ndoa, alivuta kigoda, akachukua chapati moja ya moto, akawa anamega anachovya kwenye supu, anakula bila haraka. Sijalifikia daraja nikausikia uwanja mzima unapiga kelele. Niliporudi, ulimi nje, sahani ilikuwa tupu na Mwanakheri alikuwa ameshanawa mikono.

Mwalimu Stumai hakushangilia. Alininyooshea ile sahani tupu.

"Daktari amenieleza jana. Chapati moja ya mafuta kama hii inataka raundi tatu au nne ndipo iishe mwilini. Wewe ulinipa moja kwa raundi moja, na supu juu yake, mafuta yanaelea. Kila nilipozidisha mbio, ulinizidishia chakula. Miezi mitatu nimekimbizana na mdomo wangu mwenyewe, na kila siku mdomo umeshinda! Mguu hukimbia, Mwenyekiti, mdomo hufika kwanza. Sasa niombe radhi."

Sikumwomba. Ndiyo, mnitazame hivyo hivyo. Nilipuliza filimbi nikawaambia watu wajipange. Akaondoka.

Jioni ile Mwanakheri aliniwekea chakula mezani, akasema, "Baba Mbwana, sheria yako ya chapati imekufa leo. Ukiifufua, tafuta mpishi mwingine."

Mwalimu hakuacha kukimbia, aliiacha klabu. Alipita barabara ile pale peke yake, siku zile zile tatu. Alimsalimia mke wangu, mimi akanipita kama nguzo. Mwanakheri ndiye aliyeniambia anavyokula: ugali nusu ya zamani, mchicha, maharage, samaki wa kuchemsha, na chapati mara moja moja kwenye sherehe. Mwezi wa nne baada ya ugomvi ule, uvimbe ulimbana akiwa darasani, wakamkimbiza hospitali. Bahati yake, daktari aliweza kuurudisha ndani kwa mkono. Angekufa, ningekuwa nimemuua kwa chapati na kwa maneno.

Miezi saba baada ya ugomvi wetu, Jumamosi, akaingia uwanjani na karatasi ya hospitali. Akaniwekea mbele ya macho.

"Soma. Kwa sauti ile ile."

Nikasoma. Amepungua kilo kumi na moja. Upasuaji ni Jumatano. Nikapuliza filimbi, watu wakasimama, nikasema, "Mwalimu Stumai hakula kwa kujificha. Alikula mbele ya macho yangu, nilichompimia mimi. Mwongo nilikuwa mimi. Nisamehe, Mwalimu."

Akaikunja karatasi. "Umechelewa miezi saba," akasema, akaondoka zake. Alipasuliwa, akapona, yupo mpaka leo. Kama alinisamehe sijui, na sina uso wa kumuuliza.

Naona mmoja wenu anataka kusema, basi mbio hazina maana, tukalale. Nani kasema hivyo? Presha yake ilishuka hata katika ile miezi mitatu ya ujinga wangu, na daktari alisema moyo wake umepata nguvu ya kuhimili kisu. Kimbieni! Mbio ni za moyo, za mapafu, za usingizi mzuri, na uzito ukishashuka zinakusaidia usirudi. Lakini msiutume mguu kazi ya mdomo. Na akija mtu na filimbi akawaambia kula si neno, mwulizeni na yeye kama yuko tayari kukimbia hadi darajani.

Sasa wewe, mwenye chapati ya tatu. Leo umekimbia raundi ngapi? Mbili. Daraja lile pale unaliona. Nenda urudi, mimi nitakaa hapa na chapati yako, na meno yangu haya machache. Hutaki? Mbona hutaki? Sema, wenzako wakusikie.

Sema tena, hawajasikia.

Ehe, nitaimaliza kabla hujarudi. Mguu hukimbia, mdomo hufika kwanza. Na safari hii sijamsikia hata mmoja akicheka.